Chungu cha Jirani

Mwanafunzi mmoja wa darasa la sita ametuandikia barua fupi yenye swali kali. Asema ameona katika gazeti moja la picha ya kwamba watu wa Ulaya na Marekani husafiri kwa ndege mpaka nchi ya Thailand, huko Asia, wala si kwa biashara wala kwa masomo makubwa, bali kwa kula chakula cha nchi ile na kujifunza kukipika. Mwisho wa barua yake auliza: "Je, watu hao hawana mama nyumbani?"

Tulipoisoma barua hiyo tulicheka. Kisha tuliacha kucheka, maana ilitukumbusha aibu iliyotupata sisi wenyewe, karibu zaidi na nyumbani kuliko Thailand. Leo twataka kumjibu mwanafunzi wetu, na aibu hiyo hatutaificha.

Kwanza, habari aliyoisoma ni kweli. Katika mji wa Chiang Mai, upande wa kaskazini wa Thailand, kuna shule ndogo nyingi za upishi zinazopokea wasafiri. Asubuhi mgeni hupelekwa sokoni pamoja na mwalimu wake, akaonyeshwa mboga na viungo asivyovijua. Halafu huketishwa mbele ya kinu, akatwanga pilipili, vitunguu saumu na mchaichai. Hujifunza kupika kwa tui la nazi na kukoleza kwa maji ya samaki waliochachuka katika chumvi muda wa miezi mingi. Siku ya kwanza harufu ya maji hayo humfanya ageuze uso. Baada ya siku chache huyaomba mwenyewe. Wenyeji wa nchi hiyo, wakikutana, huulizana kama mtu amekwisha kula wali, na hiyo ndiyo salamu yao. Tena pilipili wanayoisifu sana haikuota kwao tangu asili: ilitoka Amerika, ikaletwa Asia na Wareno katika karne ya 16.

Waganda na Wakikuyu wana methali moja ya kale: asiyetembea hudhani mama yake peke yake ndiye ajuaye kupika. Methali hiyo haimdharau mama wa mtu. Yamwonya mtoto asiyetoka nje ya ua wa nyumbani kwao.

Lakini kuuona ukweli wa methali hiyo hakuhitaji ndege. Kwatosha kutoka Masisi na kushuka Walikale.

Sisi tu watoto wa milima ya Masisi. Chakula tulichokulia ni maharagwe, viazi ulaya, mahindi na maziwa, pamoja na jibini ya mviringo itengenezwayo katika malisho yetu na kuuzwa Goma, hata Kinshasa. Mwaka 2016, wakati wa likizo kubwa, tulikwenda Walikale pamoja na waalimu wenzetu wawili, kukaa majuma sita tukiwafundisha vijana waliotaka kurudia masomo yao. Tulisafiri kwa pikipiki, na mahali penye matope tulikwenda kwa miguu. Tulipopita Nyabiondo na kuendelea kushuka, malisho yakaisha, baridi ikaisha, na miti ikatufunga pande zote mbili. Hapo mtu wa milimani hutambua kwamba ameingia nchi nyingine, ingawa bado yumo katika Kivu ya Kaskazini.

Mama mmoja mjane, mkristu wa parokia, ndiye aliyetupikia. Jioni ya kwanza alituandalia sombe, yaani majani ya muhogo, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huyaita kisamvu, yakiwa na mawese mekundu. Pamoja nayo alitupa samaki wa mto Lowa waliofungwa katika majani na kuokwa juu ya makaa, na kwanga, yaani mkate wa muhogo uliochachuka, uliofungwa katika majani mapana ya msituni na kupikwa kwa mvuke. Samaki tuliwala upesi. Sombe tuliila kwa adabu. Kwanga tuliipeleka puani, tukatazamana. Mwenzetu mmoja akanong'ona kwa lugha ya kwetu kwamba chakula hiki kimeoza. Mama yule hakuijua lugha ile, lakini uso wa mtu hauhitaji mkalimani. Alinyamaza, akaondoa sahani.

Kesho yake tulitaka kumlipa wema wake. Tukatoa katika mzigo wetu jibini ya Masisi, tukamkatia kipande kizuri, tukawakatia na watoto wake. Ah, wasomaji, laiti mngalikuwapo! Mtoto mdogo alikitema kile kipande mkononi mwake. Mkubwa alikimeza kama dawa ya minyoo. Mama mwenyewe alitafuna polepole, akatafuna tena, akasema kwa heshima nyingi: "Asante, mwalimu. Kumbe nanyi kwenu mnaacha vitu vichachuke?"

Neno hilo lilituingia. Kwa maana jibini ni nini, kama si maziwa yaliyoganda na kuchachuka mikononi mwa watu wajuao kazi yao? Na kwanga ni nini, kama si muhogo uliochachuka vivyo hivyo? Na yale maji ya samaki ya Thailand je? Kila kabila lina uchachu wake linaoupenda, na kila kabila huudhani uchachu wa jirani kuwa uozo. Siku ile tukaomba kwanga, tukaila. Juma lililofuata tukawa twaiulizia kabla haijaletwa mezani.

Basi tukaomba kufundishwa kupika. Majirani walicheka kuwaona waalimu watatu, wanaume, mmoja wao amepita seminari, wamekaa jikoni kwenye vigoda wakimenya mihogo. Lakini mama hakucheka. Alitufundisha kwa utaratibu kama mwalimu mzuri wa darasa la kwanza. Majani ya sombe yachumwe machanga. Yaoshwe, yatwangwe mpaka yalainike kabisa. Yachemshwe muda mrefu, na mwanzoni chungu kisifunikwe. Ndipo hutiwa kitunguu, mawese, chumvi, pilipili, na samaki mkavu kama yupo. Mihogo, nayo, ilowekwe majini siku tatu, au nne ikiwa bado ni migumu, iondolewe nyuzi, ikiwa ni ya kwanga isagwe iwe kinyunga, ikandwe, ifungwe, ipikwe kwa mvuke, ikiwa ni ya ugali ianikwe juani mpaka ikauke kabisa, ndipo itwangwe unga.

Tuliandika yote katika daftari. Tukajiona tumehitimu.

Juma la nne mama alisafiri kwenda kumzika ndugu yake. Unga ukatuishia. Tukanunua mihogo mibichi, tukaiweka majini jioni, na kesho yake tukaitoa. Katika daftari tulikuwa tumeandika siku tatu, twakiri. Lakini tulikuwa na njaa, na tulijiambia kwamba mama wa kijijini hungoja siku tatu kwa desturi tu, kama watu wangojavyo mwezi uandame. Tukaikata vipande vidogo, tukaianika nusu siku, tukatwanga, tukasonga ugali, tukala kwa chumvi na pilipili, bila samaki wala maharagwe.

Usiku ule kichwa kilituzunguka. Tumbo likauma, tukatapika mmoja baada ya mwingine. Majirani wakatubeba mpaka zahanati, na kwa neema ya Mungu tukapona. Mama aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye mabaki ya mihogo yetu, akayaminya kwa kidole, yakawa magumu kama kuni. Akauliza: "Mmeyaloweka siku ngapi?" Tukamwambia. Akatutazama kwa huruma, akasema: "Mwalimu, kula umejifunza. Kungoja bado."

Wasomaji wapenzi, yafaa mjue sababu ya maneno yake. Muhogo mchungu una dawa ndani yake ambayo, mzizi ukiumizwa, hutoa sumu iitwayo sianidi. Kwa sumu hiyo mmea hujilinda na wadudu na wanyama. Mihogo ikilowekwa siku za kutosha, mizizi hulainika, dawa ile huvunjika, na sumu hutoka, nyingine majini, nyingine hewani. Majani nayo yanayo. Ndiyo maana hutwangwa sana na kuchemshwa katika chungu kisichofunikwa, ili mvuke uichukue sumu. Waliozivumbua kazi hizi hawakuwa na maabara. Walikuwa mama zetu, na maarifa hayo wameyarithishana mkono kwa mkono. Muhogo wenyewe si wa asili ya Afrika: uliletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16.

Na si kutapika tu. Uko ugonjwa uitwao konzo. Jina hilo latoka katika lugha ya Wayaka wa Kwango, magharibi ya nchi yetu, na lamaanisha miguu iliyofungwa. Daktari Mwitaliano Giovanni Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Mtu hulala mzima na kuamka miguu yote miwili imekakamaa, wala haitarudi tena kama zamani. Huwapata hasa watoto na wanawake wa nyumba zinazokula muhogo mchungu usiolowekwa vizuri, majuma kwa majuma, bila chakula chenye protini ya kutosha. Mwaka 1981, wakati wa ukame katika jimbo la Nampula, Msumbiji, zaidi ya watu 1,000 walipatwa na ugonjwa huo. Njaa iliwaharakisha, kama ilivyotuharakisha sisi. Lakini sisi tulikula siku moja, nao walikula muda mrefu, maana hawakuwa na kitu kingine.

Hapa ndipo hadithi yetu ya jikoni inapofika mahali pazito.

Waganga watuambia kwamba mwili wa mtu unaweza kuishinda sumu kidogo ya muhogo ikiwa mtu apata protini nzuri: samaki, mayai, nyama, maziwa. Maharagwe nayo yaongeza nguvu ya chakula. Sasa tazameni ramani. Masisi ina maziwa, jibini na maharagwe. Walikale ina muhogo, mawese na samaki wa mito. Kile kinachopunguka katika chungu cha mmoja kimo katika chungu cha mwenzake. Twaona kwamba Mwenyezi Mungu aliziumba nchi hizi mbili ziwe jirani kwa faida ya zote mbili, na watu wakaijua faida hiyo, wakaweka masoko kati yao.

Na katika soko moja la namna hiyo ndipo damu ilipomwagika. Tarehe 20 Machi 1993, sokoni Ntoto, katika wilaya ya Walikale, watu wenye silaha waliwashambulia wenzao waliokuja kuuza na kununua. Mauaji yakaenea mpaka Masisi. Maelfu ya watu walikufa, na wengine wengi zaidi waliyakimbia makao yao. Hatutaki leo kuhesabu kosa la kabila hili na la kabila lile. Kila upande una makaburi yake, na Mungu ayajua yote. Twasema jambo moja tu: mtu aliyekwenda sokoni kutafuta chumvi na mawese aliuawa na mtu ambaye labda aliwahi kula maharagwe yake.

Tangu hapo vita vimekuja na kwenda na kuja tena. Mwezi wa Machi 2025 vilifika hata Walikale mjini, na watu wakakimbilia msituni. Katika miaka yote hiyo watu wa milimani wameshuka msituni wakikimbia, na watu wa msituni wamepanda milimani wakikimbia. Hawa si wasafiri wa Chiang Mai. Hakuna anayewapeleka sokoni asubuhi na kuwaonyesha viungo. Mama wa milimani, aliyezoea viazi ambavyo huchemshwa na kuliwa saa ile ile, apewa mihogo michungu na watoto wake wanalia. Ni nani atakayemwambia angoje siku tatu? Na atangoja kwa kula nini?

Ndiyo sababu, mwanafunzi wetu mpenzi, hatuwezi kukubali kwamba kujifunza chakula cha watu wengine ni mchezo wa matajiri wasio na mama nyumbani. Msafiri wa Thailand ajifunza kwa furaha, nayo furaha hiyo si dhambi. Mungu ndiye aliyetupa ulimi wa kuonja. Lakini kwetu sisi kujifunza huko ni jambo la uhai. Tena asiyejua kupika cha jirani bado hajakijua chakula hicho, hata akikila kila siku. Sisi tulikula kwanga ya mama yule majuma matatu tukaisifu, nasi tulikuwa hatujamwamini. Tulipenda utamu wake, tukadharau maarifa yake. Hilo ndilo kosa letu, kubwa kuliko ule ugali mbovu.

Wengine watatuambia: "Mwalimu, kila kabila likae na chungu chake, maana chakula cha wazee wetu ndicho chakula chetu." Twawajibu kwa upole. Viazi ulaya vya Masisi vyatoka Amerika. Maharagwe na mahindi yetu yatoka Amerika. Muhogo wa Walikale watoka Amerika, na pilipili ya wote pia. Hata sambaza wa Ziwa Kivu, wanaopendwa sana Goma na Bukavu, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wazee wetu waliyapokea yote hayo kutoka kwa watu wengine, wakajifunza kuyapika, ndipo yakawa ya kwetu. Tukikataa kujifunza, hapo ndipo tunapoiacha desturi ya wazee.

Tena tukumbuke kwamba Bwana Yezu, alipowatuma wanafunzi wale sabini na wawili, aliwaagiza wale kile watakachoandaliwa katika nyumba itakayowapokea. Hakuwapa mzigo wa chakula cha nyumbani. Na wale wawili wa Emau walimtambua alipokuwa mezani pamoja nao akiumega mkate, naye walimdhani kuwa mpita njia tu.

Basi tufanyeje? Wazazi mnaopokea wageni waliokimbia vita, msiwape chakula tu. Mpeni mama wa nyumba ile kigoda jikoni, mwonyesheni tangu mwanzo namna ya kuloweka, kuanika, kutwanga na kuchemsha. Siku zile mihogo yake ingali majini, mgawieni unga wenu uliokwisha kuwa tayari, asije akaharakishwa na njaa. Ninyi mliopokewa, msione haya kuuliza, wala msigeuze uso mbele ya sahani ya mwenyeji. Wavulana wa shule, ingieni jikoni. Kinu hakimpunguzii mtu uanaume, na sumu haimbagui mwanamume. Na sisi waalimu tukumbuke kwamba asiyejua kusoma aweza kuwa mwalimu wetu katika jambo litakaloyaokoa maisha yetu.

Mama yule wa Walikale, siku ya kuagana, alituuliza habari za jibini. Alitaka kujua maziwa hugandishwa vipi na hukaa siku ngapi. Tulimweleza tulivyoweza, nasi tukaona haya, kwa sababu tumeila tangu utoto wala hatujawahi kuitengeneza. Tulimwahidi kwamba tutakwenda kujifunza kwa wafugaji wa kwetu na kumletea jibu. Tulikwenda. Kazi yenyewe yahitaji subira: jibini hukaa majuma mengi kabla ya kufaa kuliwa. Tulipompelekea habari hiyo kwa mdomo wa msafiri, alimrudisha na neno moja: "Mwambieni mwalimu sasa anajua kungoja."

Mwanafunzi wetu, twakupa kazi ya Jumapili ijayo. Baada ya Misa, tafuta katika parokia yako familia moja iliyotoka mahali pengine. Mwombe mama wa familia hiyo akufundishe chakula kimoja cha kwao, tangu kukiosha mpaka kukipakua. Kisha utuandikie umejifunza nini, na kilichukua siku ngapi. Barua yako tutaisoma kwa furaha.